Herufi Zinazofoka

Kuna watu wakikasirika hutukana, wengine hununa, wengine huvunja vyombo. Shangazi yake Nukta alikuwa akichukua brashi.

Nyumba yake ilikuwa ya kona, pale barabara ya sokoni inapokata kwenda kituo cha mabasi. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa mrefu na mweupe, umeingia kichochoroni mahali pasipo na taa wala mlango wa jirani. Mwanamume yeyote aliyebanwa na haja ndogo kati ya sokoni na kituoni aliuona ukuta ule akadhani umejengwa kwa ajili yake. Mwanzoni Shangazi aliwafukuza kwa mdomo. Baadaye akaona mdomo ni mmoja na wakojoaji ni wengi, akachukua rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka geti, akaandika kwa herufi zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza: USIKOJOE HAPA.

Kuta nyingi mjini zina maneno hayo, na watu huyakojolea maneno yenyewe. Ya Shangazi hayakukojolewa. Alipoona dawa inafanya kazi akaongeza kipimo. Chini yake akaandika: WEWE PIA. Mbele kidogo, kwa yule anayedhani amefika mahali pa salama: NIMEKUONA. Na mwisho kabisa wa ukuta, kwa mtu mmoja ambaye mtaa mzima ulibaki ukimkisia: WA JANA, RUDI UFUTE. Inasemekana alirudi. Majirani wanaapa walimkuta asubuhi, mwanamume mzima mwenye suti, kainamia ndoo na kitambaa. Na majirani wale wakiamua kudanganya hudanganya kwa mambo makubwa kuliko hayo.

Siri haikuwa katika maneno, ilikuwa katika mwandiko. K ya Shangazi ilirusha teke. A yake ilitanua miguu kama mtu aliyeziba mlango. S ilikuwa imebana midomo, na E ilikuwa na meno. Hata asiyejua kusoma alipita pale akiwa amenyooka.

Sasa huyu Nukta, ambaye ndiye hasa mwenye habari hii, alikuwa mpangaji wa maandishi katika duka la uchapaji. Alipewa jina hilo siku aliposimamisha mashine ikiwa katikati ya kuchapa kalenda, kisa nukta moja imesogea, na bosi wake akamuuliza kama nukta hiyo ni ndugu yake. Baba yake, mdogo wake Shangazi, alifariki yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na mama alikuwa ameshatangulia. Shangazi ndiye aliyemlea. Sasa Nukta alikuwa na mke, binti, na mvi mbili tatu anazozikana, lakini mbele ya Shangazi bado alionyesha viganja kabla ya kula bila kuambiwa.

Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kupanga kadi za harusi, vitabu vya risiti na mabango. Alikuwa amechoshwa na fonti za kwenye kompyuta, yaani zile aina za herufi ambazo mteja huchagua, kwa sababu zote zilitengenezwa na watu wa mbali wasiojua hata kama mtaa wake upo duniani. Alitaka kitu kimoja tu maishani, na alikitaka kwa dhati: atengeneze herufi zake, zitoke kwenye kuta za mtaa wake, watu wazisome kila siku kwenye milango yao. Hakutaka sifa. Haya, alitaka kidogo.

Alianza na vijana wanaochora kuta za kituo cha mabasi. Wale huandika herufi nene, zenye vivuli na mishale, zimekumbatiana hadi hujui hii inaishia wapi. Mkubwa wao, aliyeitwa Kopo kwa sababu haonekani bila kopo la rangi mkononi, alimpa ruhusa kwa moyo mkunjufu. Nukta akapiga picha, akachora upya kwenye kompyuta, akamtengenezea muuza nyama bango la NYAMA SAFI. Wiki nzima watu waliingia buchani kuuliza muziki unaanza saa ngapi.

"Kaka, hizi zetu si za kusomwa," Kopo alimwambia alipokwenda kulalamika. "Hizi ni za kutambuana. Ukitaka za kusomwa, nenda pale kwa mama wa kona. Sisi ule ukuta hatuugusi."

"Kwa nini?"

"Rangi ikinidondoka tu pale chini, naomba radhi."

Nukta alirudi nyumbani kichwa kikiwa kimejaa. Miaka yote alikuwa akiupita ukuta ule na hakuwahi kuuona. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Huyu alikuwa amekula ya kwake bure, akizunguka mji mzima kutafuta kitu kilichokuwa nyuma ya chumba alicholala utotoni.

Hakumwambia Shangazi. Angemwambia nini? Naomba hasira zako nizitie kwenye kompyuta? Isitoshe Shangazi hakuwa mtu wa kuchukuliwa kitu bila kuombwa, na wala hakuwa mtu rahisi kuombwa. Basi Nukta akawa anapita kichochoroni mchana, anajifanya anazungumza na simu, huku anapiga picha. Akachora kila herufi, akalainisha kingo, akapima nafasi kati ya moja na nyingine mpaka macho yakamwasha. Herufi kadhaa, Q na X zikiwemo, hazikuwepo ukutani, maana Shangazi hakuwahi kugombana kwa maneno yenye herufi hizo, ikabidi azitunge mwenyewe kwa kujiuliza: hapa angekunja uso vipi? Kazi ilipokamilika akaipa fonti jina la Shangazi, akaona amemheshimu.

Bosi wake alikuwa mkono wa birika, lakini jicho la biashara alikuwa nalo. Akaijaribu kwenye kadi za harusi ya binti wa rafiki yake. TUNAYO FURAHA KUKUALIKA, ndivyo kadi ilivyosema, na kila aliyeipokea alijikagua kwanza kujua amekosa nini. Siku ya harusi wageni walifika kabla ya wenyeji. Walikaa kwa mistari. Hakuna aliyeleta mtu wa ziada. Mpishi alikuwa bado hajawasha moto, na watu wote wale wametulia wanamtazama. Mzee mmoja alimfuata baba wa bibi harusi akamwomba msamaha kwa harusi nyingine, ya mwaka uliopita, ambayo hakuhudhuria.

Habari zikaenea. Wenye nyumba wakazitaka herufi hizo, shule ikazitaka, wasimamizi wa bustani ya mjini wakachapisha kibao cha USIKANYAGE MAJANI, na majani yakaota hadi yakawashangaza wenyewe. Mwenye mgahawa peke yake ndiye aliyerudisha bango lake. Lilisema KARIBU SANA.

"Wateja wanasimama mlangoni," alisema. "Wanauliza kama wanaruhusiwa. Bwana, herufi zako zinawafokea watu."

Nukta alicheka, akadhani yule bwana anatia chumvi. Kicheko kilimkauka alipokuja mkunga mkuu wa kliniki mpya ya uzazi, mama wa sauti ya chini ambaye ukimsikiliza unajikuta umeinamisha kichwa. Kliniki ilikuwa karibu kufunguliwa, na alitaka mabango yote, kuanzia lango hadi wodi, yatoke kwa mkono mmoja.

"Hizi zako nazitaka kwenye mambo ya kunawa mikono na kusubiri zamu," alisema. "Hizo watu watazitii. Lakini mlangoni, hapana. Msichana anayekuja kujifungua mara ya kwanza anakuja anatetemeka. Akikuta mlango unamfokea, atageuka azalie barabarani. Niletee dada yake huyu mwenye herufi. Yule mpole."

"Hana dada mpole," Nukta alijisemea moyoni.

Mkunga alikuwa muwazi: akiletewa herufi za upole kabla ya kufungua, jengo zima litaandikwa kwa kazi ya Nukta. Zisipopatikana, watatumia zile za siku zote, na hizi zake zitabaki kwenye bustani na mageti. Nukta alijua nafasi ya namna hiyo haiji mara mbili kwa mtu wa duka la uchapaji. Usiku hakula vizuri. Mkewe akamwambia hata akila vibaya anakula vya watu wawili, kwa hiyo asimtishe mtu.

Akajaribu kuzilainisha zile kali. Aliviringa kona, akapunguza unene, K akaishusha mguu. Alipomaliza, akaegemea kiti kuzitazama. Alikuwa amepata Shangazi aliyelazimishwa kutabasamu na mpiga picha, jambo ambalo lilitokea mara moja katika historia ya ukoo, na picha ile hutishia watoto hadi leo. Hapo akaelewa kwamba upole hautungwi. Ilibidi Shangazi mwenyewe aandike kitu kizuri, kwa mkono wake, akiwa na moyo mzuri.

Akaukagua ukuta wote toka mwanzo hadi mwisho akitafuta hata neno moja. Hakuna. Akaamua kutumia ujanja. Binti yake alikuwa anatimiza mwaka mwingine, basi akampelekea Shangazi kadi tupu amwandikie mjukuu maneno ya upendo. Kadi ikarudi imeandikwa: UMEKUA. ACHA UJINGA. Binti aliipenda, akaibandika ukutani, na tangu siku ile anatandika kitanda. Lakini baba yake haikumsaidia. Akamshawishi Shangazi aandike KARIBU kwenye geti, kwamba siku hizi ndivyo nyumba za watu zinavyofanya. Shangazi akaona wazo si baya. Nukta alipopita jioni alikuta: KARIBU. Chini yake: NANI KAKUITA?

Za mwizi ni arobaini, na Nukta hakufika mbali. Asubuhi moja akiwa kwenye kompyuta, mlango wa duka ulifunguliwa, akaingia Shangazi, mkoba begani na kilemba kimekazwa. Hakuwahi kukanyaga pale. Bosi alisimama bila kujua kwa nini amesimama.

"Shikamoo, Shangazi," Nukta alisema.

"Marahaba. Nina kazi nataka kuchapisha."

Akavuta kiti, akakaa karibu na Nukta, akaeleza. Alikuwa amepita kwenye bustani ya mjini kupumzisha miguu, akaona kibao. Kwenye kibao akaona K yake. Akaona na S yake, na A zake zote. Alizijua kama anavyozijua sufuria zake. Kuna mtu alikuwa amekuja kichochoroni kwake, akabeba mwandiko wake wote, na sasa anautembeza mjini bila hata kubisha hodi.

"Ni hao wachoraji wa kituoni?" Bosi aliuliza. Alikuwa amekwisha kuelewa yote, na alikuwa anajitafutia njia ya kutokea.

"Wale? Wale wana adabu. Wananisalimia." Akamgeukia Nukta. "Andika. MWIZI WA MWANDIKO, NIMEKUONA. Chini yake uweke, RUDISHA."

Nukta akaandika.

"Kwa herufi gani, Shangazi?"

"Zozote. Zangu si zimeshaibiwa?"

Akamwekea zile za siku zote, zile za kadi na risiti. Shangazi akasogeza miwani, akasoma, akakunja uso.

"Hii inambembeleza," alisema. "Unamwona huyu? Anamwambia mwizi, samahani kwa usumbufu. Weka nyingine."

Akaweka nyingine. Shangazi akasema hiyo inataka kuimba. Akaweka ya tatu, na Shangazi akasema hiyo ni ya mtu asiyekula vizuri. Bosi alikuwa ameshafyata mkia na kwenda kuhesabu makaratasi chumba cha pili. Zikawa zimebaki herufi za aina moja tu ambazo zingemfaa mteja, na fundi wa kweli hamwachi mteja aondoke na kisichomfaa. Nukta akapiga moyo konde, akabofya.

Ukelele wa Shangazi ukajaa kwenye kioo. Teke la K, midomo ya S, meno ya E, vyote mahali pake: MWIZI WA MWANDIKO, NIMEKUONA.

Shangazi alitazama kioo. Akamtazama Nukta. Akarudi kwenye kioo, kisha akavua miwani taratibu akaikunja.

"Kumbe nimemlea mwenyewe," alisema.

Nukta alitamani ardhi ipasuke. Hakulia, ila ilikuwa karibu, na ukimwona mtu wa mvi mbili tatu anabana midomo kwa namna ile unaweza kumcheka na kumhurumia kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, Shangazi."

Alikuwa hajawahi kulisema, na Shangazi alikuwa hajawahi kuambiwa, ingawa mji mzima ulikuwa unalijua. Nukta akaona heri amwage yote maadamu chungu kimeshapasuka, akamweleza habari za kliniki, mlango, wasichana wanaotetemeka, na jinsi alivyotafuta ukutani neno moja lisilo na hasira akalikosa.

"Hasira," Shangazi alisema. "Nani kakwambia nilikuwa na hasira?"

Nukta akageuza kiti kumwelekea.

"Baba yako alipofariki nilibaki peke yangu kwenye nyumba ya kona na mtoto mdogo. Kichochoro hakina taa. Wanaume wanasimama pale nyuma, wanachungulia dirishani, wengine wanagonga wanauliza mwenye nyumba yuko wapi. Mikojo inaoshwa kwa maji, mwanangu. Mimi nilikuwa sipati usingizi. Nilitaka kila anayepita pale ajue humu ndani kuna mtu haogopi kitu." Akaifungua miwani, akaifunga tena. "Na hakuwepo. Basi nikamwandika."

Maneno yalimwingia Nukta mpaka ndani. Miaka yote amelala upande wa pili wa ukuta ule, usingizi mzito wa mtoto, anasikia brashi ikikwaruza nje, anajua mama mkali wa mtaa yuko kazini. Alimwonea Shangazi huruma, kisha akajionea aibu kwamba huruma imechelewa kiasi hicho.

"Nipe penseli," Shangazi alisema. "Huyo msichana anaitwa nani?"

"Hajulikani bado. Ni yeyote atakayekuja."

"Basi niambie anaogopa kiasi gani."

"Sana."

Akavuta karatasi, akaandika polepole, ulimi ukiwa umetokeza kidogo kwenye pembe ya mdomo kama mwanafunzi: KARIBU MAMA. K ilikuwa imetua miguu yote chini. R iliinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza.

"Nisiongeze kitu?" aliuliza, penseli bado iko juu ya karatasi.

"Usiongeze, Shangazi."

"Hata neno moja tu?"

"Hata moja."

Ikamuuma, lakini akaiweka penseli chini. Halafu akamwandikia herufi zote zilizobaki, moja moja, akimkemea kila alipomharakisha. Alipofika kwenye Q akauliza hiyo ni ya nini. Nukta akasema hata yeye hajui vizuri, ila wateja huitarajia. Kabla ya kuondoka Shangazi alimwambia Bosi, kupitia uwazi wa mlango, kwamba bango la mwizi alilipe yeye, kwa kuwa mwizi ni wa kwake. Bosi, ambaye hajawahi kumchapia mtu kitu bure, akachapa mawili.

Siku ya kufungua kliniki watu walijaa. Juu ya lango iliandikwa KARIBU MAMA, na Nukta alisimama chini yake muda mrefu kuliko alivyohitajika, akijifanya anakagua skrubu. Msichana mmoja mwenye mimba kubwa alikuja na mama yake, akasimama, akasoma, akavuta pumzi, akaingia. Hakumwuliza mtu kama anaruhusiwa. Nukta aligeukia ukuta kidogo mpaka uso wake ulipotulia.

Mkunga mkuu akamfuata. Alitaka kumwona huyo mama mwenye mkono, amtambulishe kwa wageni. Nukta akamtafuta Shangazi kwenye viti vya mbele, hayupo. Akamtafuta uani, hayupo. Akamkuta ndani kabisa, kwenye korido tupu, amekaa wima kwenye benchi, mkoba mapajani. Mbele yake, kwa zile herufi kali, ukuta ulisema: SUBIRI HAPA MPAKA UITWE.

"Shangazi, watu wanakutafuta. Unafanya nini huku?"

"Nasubiri niitwe."

"Nani kakwambia usubiri?"

Akaonyesha bango kwa kidevu. Nukta akacheka hadi akashika ukuta. Shangazi hakucheka. Alikuwa akizitazama zile herufi kwa muda mrefu, kama mtu anayekutanishwa na jamaa ambaye amesikia habari zake tu.

"Hata mimi nimeshindwa kunyanyuka," alisema. "Na wewe umelelewa na huyu?"

"Na huyo huyo."

"Pole, mwanangu."

Kicheko kikamwisha Nukta. "Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwogopa, Shangazi," alisema. "Hata mmoja. Usiku wala mchana."

Shangazi akasogea kumpa nafasi, na wakakaa pale wote wawili wakisubiri kuitwa.